Namba Saba Kifuani

Niliharibu wimbo wangu kwa makusudi mbele ya waamuzi watatu. Nilikumbuka juzi, nilipoona kwenye simu vijana wa mataifa mbalimbali wakishindana kupiga fidla, kila mmoja na namba kifuani.

Mchana ule mimi na mama tulitoka kijijini kwetu Gashoho hadi ukumbi mmoja wa Mushasha ulionuka nta ya sakafu. Atakayechaguliwa angekwenda kushindana ng'ambo. Masera, mtawa aliyenifundisha fidla parokiani kwetu, alinibandika namba saba kwenye gauni, nikageuka kumtafuta mama. Mara ya mwisho kubandikwa namba ilikuwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, siku ya kurudishwa nchini kwetu, watoto wa jirani walipopakiwa lori lisilo la mama yao. Sikujua kwamba hii ilikuwa ya kupangia zamu tu. Nilidhani atakayetajwa angepakiwa jioni ileile.

"We Mtanzania, unatetemeka nini?" alinicheka msichana mmoja wa Musinzira. "Hawa hawali watu!"

Nilipiga vizuri hadi katikati. Mwamuzi mmoja akaacha kuandika, akanitazama huku akitabasamu. Hapo nikaogopa zaidi. Nilitelezesha kidole mara tatu, fidla ikalia kama mlango mbovu.

Akatajwa yule msichana. Nilikimbilia kitenge cha mama nikakishika kwa mikono miwili. Masera alitufuata mlangoni, akainama.

"Mwanangu, kidole kimeteleza, au umekitelezesha?"

Sasa amezeeka, anaishi Mushasha. Bado sijamjibu.