Wali Mweupe Tu

Asubuhi ile binti yangu aligoma kusimama. Alikuwa na miaka mitano, na kwa kawaida ndiye aliyetangulia kuamka, akikimbia kwa ncha za vidole hadi mlangoni kusikiliza mashine za kukoboa mpunga zikianza kunguruma ng'ambo ya barabara. Siku hiyo alilala chali, miguu ameikunja kama chura. Nilipomwinua alipiga yowe ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Goti moja lilikuwa limevimba, na mapajani kulikuwa na alama za zambarau, kama za mtu aliyechapwa.

Hakuweza kunieleza chochote. Ana usonji, maneno yake wakati ule yalikuwa machache, na mengi yalikuwa ya kukataa.

Kwenye zahanati, mganga alizitazama zile alama, akanitazama mimi, halafu akauliza taratibu kama baba mtoto ana hasira za karibu. Mume wangu alikuwa nyuma yangu, mtoto begani. Huyu ni mtu ambaye humkata binti yake kucha akiwa usingizini ili asimtishe. Alimweka mtoto vizuri begani, akatoka nje.

Mama mkwe wangu, aliyehamia huku Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani, alituambia tusipoteze muda kubishana na watu. Tukapanda basi kwenda Iringa, kwa dada yangu, na kesho yake tukawa hospitali. Wakampiga picha mguu, wakachukua damu. Mimi nilishajiambia ni saratani, maana mtoto wa jirani yetu ilimwanza hivyohivyo, kwa miguu. Nilichongoja ni kuambiwa tu.

Daktari alikuwa mdada mdogo kuliko mimi. Alihangaika mpaka binti yangu akafungua mdomo, na hapo nikaona fizi zimevimba, nyekundu, zinavuja damu. Kwa kuwa mtoto haruhusu mswaki, sikuwa nimeziona.

"Anakula nini huyu?" akauliza.

"Wali."

"Na nini?"

"Wali mweupe tu, daktari. Na biskuti."

Nikamweleza. Zamani alikula ndizi na viazi, akaviacha kimoja baada ya kingine. Nyanya ikigusa sahani yake, sahani nzima inasukumwa. Watu walitushauri tumwache, njaa itamfundisha. Tulijaribu, akakaa bila kula mpaka akalegea, na hakukubali. Tangu hapo tulishukuru kwa wali wake. Na alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa. Nani angedhani?

Daktari akavua glavu. "Mama, mwanao ana kiseyeye."

Nilimwomba arudie. Kiseyeye nilikisoma shule ya msingi. Mwalimu alitufundisha kwamba ni ugonjwa wa mabaharia wa kale, waliokaa baharini miezi bila kuona tunda. Bahari yenyewe sijawahi kuiona. Uani kwangu mapera yanaanguka mpaka yanaoza, kuku wanayadonoa. Nilianza kucheka, na kicheko kikakataa kukoma, hadi dada yangu akanikalisha kwenye benchi.

Sikugombezwa. Daktari alisema huo si ukaidi. Chakula ambacho kwetu ni laini, kwake kinaweza kuwa kama kutafuna mchanga. Goti, fizi na zile alama za mapajani, alisema, vyote ni kwa kukosa vitamini C. Akaagiza vidonge vyake. Muuguzi alisaga kimoja, akakikoroga kwenye maji ya sukari. Binti yangu akaonja, akatema. Muuguzi akamwaga yote, akaanza upya na chembe tu, akawa anaongeza kidogo kidogo, mpaka kikombe kikawa kinakwisha. Kabla wiki haijaisha alishika ukingo wa kitanda, akasimama. Mume wangu alitoka nje ya wodi, akarudi macho mekundu.

Bado anakula wali mweupe. Mama mkwe, ambaye zamani alimlazimisha mchicha, sasa huweka kitu kipya kwenye kisahani cha pembeni na kuendelea na mazungumzo yake kama hakuna kilichotokea. Mara nyingi kisahani hakiguswi. Jumapili iliyopita binti yangu alichukua kipande cha ndimu, akakinusa, akakilamba. Mwili mzima ulimsisimka, akakirudisha. Mama mkwe akaendelea na mazungumzo yake.

Akakichukua tena.