Mfinyanzi wa Misikhu

Kwenye maonyesho ya kilimo mjini Kitale, mama mfinyanzi kutoka Misikhu hakai kwenye kiti alichopewa. Anainama juu ya chungu na kukizunguka kinyumenyume, hatua ndogo ndogo, mkono mmoja ndani na mwingine nje, akipandisha udongo kwa kipande cha kibuyu. Kucha zake amezikata hadi kwenye nyama. Akiulizwa swali hujibu bila kuinua uso. "Mashine yako ya kuzungusha chungu iko wapi, mama?" aliuliza bwana mmoja mwenye suti. "Si ndiyo hii inazunguka," akasema, akaendelea kuzunguka.

Juzi chungu kilikuwa kimefika shingoni na watu wamejaa, simu zao juu. Ghafla mkono wa ndani ukasimama. Akafumba macho, akapapasa mahali pamoja mara mbili, kisha akakikunja chungu chote kwa viganja vyake hadi kikawa donge. Watu wakaguna. "Ai, mama! Na ilikuwa imetokea poa, bana!" akalalamika msichana aliyekuwa mbele. Mama akachokoa kijiwe kutoka kwenye donge, kidogo kama punje ya wimbi, akamwekea kiganjani. "Wewe hukuiona. Moto ingeiona, chungu ipasuke kwa jiko ya mtu. Halafu aseme ati ni mimi nilitengeneza?" Akauponda udongo upya, akaanza tena na kitako. Ilimchukua saa nzima, na hakuna aliyeondoka.