Matawi Mbele ya Rejeta

Katika miaka ya themanini niliendesha pikapu ya mwajiri wangu, mwenye duka la mbao mjini Kisumu. Jirani yetu alipofariki, mwajiri aliniruhusu nimpeleke marehemu kwao, upande wa Pap Onditi. Tuliondoka mochari mchana. Mjane alikaa mbele kando yangu. Kaka yake marehemu na jamaa wengine walikaa nyuma na jeneza. Kaka huyo ndiye aliyefunga matawi mabichi mbele ya gari, ili kila tunayekutana naye ajue tumebeba mtu. Aliyafunga mengi, maana alimpenda ndugu yake. Nasema hili mapema nisije nikamwonea.

Kabla ya Ahero mshale wa geji ya joto la injini ulianza kupanda. Niliendelea kuendesha. Nilijiambia labda geji inadanganya, kwa sababu mimi huwa mwepesi kuamini kinachonifaa. Mvuke ulipotoka chini ya boneti ndipo niliposimama, karibu na mifereji ya mpunga.

"Tutafika na jua?" mjane aliuliza.

Nilimwambia sijui. Kwao, kama kwetu, mtu anayerudi nyumbani mara ya mwisho halali njiani. Boma zima lilikuwa linamngoja.

Sikuthubutu kufungua kifuniko cha rejeta. Mvuke ungeniunguza uso, na maji baridi kwenye chuma cha moto hupasua kichwa cha injini. Tukangoja ipoe, na jua halikungoja nasi. Kaka alizunguka gari.

"Dereva, uliangalia maji asubuhi?"

"Niliangalia, Mzee."

"Uliangalia kwa macho ama kwa mdomo?"

Watu wa nyuma walicheka kidogo, halafu wakakumbuka wako na nani. Nilikuwa nimeangalia kweli, lakini alivyouliza nikaanza kutilia shaka hata hilo.

Injini ilipopoa nilichuja maji ya mfereji kwa kitambaa, nikajaza. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Paipu hazikuvuja. Niliwasha injini kifuniko kikiwa wazi, nikatafuta mapovu, hayakuwapo. Nikavuta kijiti cha oili: nyeusi, haikugeuka rangi ya chai ya maziwa. Basi maji hayakuingia kwenye oili, na gasketi ya injini ilikuwa nzima, kama kweli nilijua ninachotazama. Ufundi wangu niliupata kwa kuwashikia mafundi spana.

Nikajiuliza, leo kuna nini ambacho jana hakikuwapo? Jana nilibeba mbao nzito kuliko watu hawa. Nikaenda mbele, injini ikinguruma, nikakishika kile kitambaa mbele ya matawi. Kilining'inia tu. Nikapenyeza mkono, nikayatenga majani, na kitambaa kikavutwa, kikagandamana na wavu wa rejeta.

"Mzee, matawi yanaziba upepo. Naomba tuyatoe."

"Tuyatoe? Ndugu yangu aingie kwao kama gunia la mahindi?"

Alikuwa na haki yake. Na kama yangetolewa halafu injini ichemke tena, ningekuwa nimemvunjia marehemu heshima bure, na pengine nimeua gari la watu.

Mjane alikuwa amesikia. "Una hakika?" akaniuliza.

"Hapana, Mama. Ila sioni kingine."

Alishuka, akasimama kati yetu. "Shemeji, huyu amesema hana hakika. Wewe unayo?"

Kaka alitazama jua.

"Basi yafunge juu ya kabini," mjane akamwambia. " Hata walio mbali watayaona."

Kaka alipanda mwenyewe, akayafunga kwa kamba mpaka vidole vikachubuka.

Tuliondoka polepole. Hadi Katito sikuiangalia barabara ipasavyo, niliangalia mshale. Ulipanda hadi katikati, ukatetemeka, ukakaa. Siwezi kuapa kwamba ni matawi peke yake. Maji mapya yalisaidia, na jua lilikuwa limepungua makali. Lakini ulikaa.

Tuliingia bomani bado kuna mwanga, na vilio vikatupokea langoni. Watu walipokwisha kumshusha marehemu, nilimsikia kaka akiwaeleza wazee kwamba yeye ndiye aliyeamua matawi yapandishwe juu, maana dereva alikuwa amebabaika. Nilikuwa nimebabaika kweli. Na kamba, kwa haki, alifunga yeye.