Inaq Rumenah na Mishale ya Darini

"Umenimaliza, Inaq Rumenah! Umeniua, umenizika, na kaburi umelitandikia shuka!"

Haji Lalu Wirajaya alikuwa amesimama ukumbini mwa hoteli yake, pale Senggigi, kisiwani Lombok, kofia imemwendea upande. Mkaguzi wa cheti cha halali anafika alasiri hii hii, watalii arobaini wa Malaysia wamesema bila cheti hawaji, halafu mfua shuka kaenda kubandua mishale ya kibla darini, vyumba sita vya safu moja!

Inaq Rumenah, yaani Mama Rumenah kwa watu wa huko, hata hakugeuka. Mwanamke aliyezika waume wawili na kufua shuka za hoteli ile miaka kumi na moja, atishwe na kelele? Huyu Haji alimjua tangu friji zake zinajaa bia. Haji alipopata habari kwamba wasafiri Waislamu wana pesa, bia zikauzwa kwa jirani, yakapanda mabango: sabuni halali, mto halali, hadi feni halali. Bei nayo ikapanda mara mbili. Mahali pa wafanyakazi kusalia ndipo hapakupatikana. Inaq alisali chumba cha kufulia, katikati ya madumu ya sabuni.

"Mishale ulibandika mwenyewe, Tuan?"

"Kwa mkono wangu! Kila mshale unatazama mlango wa chumba. Vyumba vyote sawasawa, kama hoteli za Jakarta!"

"Milango ya safu hii na ile inatazamana, Tuan."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nusu ya wageni wako wanaipa Makka kisogo, wanaisujudia Sumbawa, kisiwa cha mashariki."

Jikoni mpishi akapaliwa na chai kwa kicheko.

"Mungu yuko kila mahali!" Haji akafoka.

"Basi mishale ya nini?"

Gari likaingia uani. Sauti ya Haji ikalainika ghafla kama siagi juani. "Inaq wangu, nibandikie upesi. Mshahara nitakuongeza, wallahi."

Inaq akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa mishale sita iliyokwisha kushika nyuzi za taulo, akamtilia kiganjani.

"Bandika wewe, Tuan. Mwenye hoteli ya Kiislamu ni wewe."

Haji akaitazama mishale, akatazama dari. Jua la alasiri, ambalo hapa Lombok huteremkia upande wa kibla, lilikuwa likimchoma usoni kupitia dirishani.

"Inaq… hivi kibla ni upande gani?"

Nje, mlango wa gari ukafungwa. Inaq Rumenah akanyanyua ndoo yake, akashika njia ya chumba cha kufulia. Sala ilikuwa imeingia.