Prosesa Niliyoithibitisha Mwenyewe

Mimi ni fundi wa mashine za michezo ya video hapa Malakia, mtaa wa Juba. Kazi nilijifunza mwenyewe, na hujivunia kwamba siamini uvumi kabla ya kuuona katika tovuti tatu.

Majuzi jirani yangu Okello, Mganda mwenye ukumbi wa michezo hiyo, alitaka kuagiza mashine mpya kutoka Kampala kwa sababu wateja walikuwa wakimkimbia. Nikamzuia. Nilimwambia toleo lijalo litakuwa na prosesa yenye nguvu maradufu, na kwamba nimethibitisha. Akasubiri, na ukumbi wake ukabaki mtupu.

Jana aliingia dukani kwangu, mbele ya wateja, simu mkononi.

"Fundi, hizi tovuti zako zote zimechukua habari kutoka kwa mtu mmoja. Na huyu mtu iko hapa Juba."

"Hapa Juba? Nani huyo?"

Akanigeuzia simu. Yalikuwa maoni niliyoyaandika mwaka jana katika jukwaa la mtandaoni, nikikisia tu, na pembeni yake picha yangu nikiwa nimevaa tai.

"Wallahi, fundi," akasema Okello, "sasa mimi nilikuwa nangoja nini?"