Hema la Twaiba

Wallahi sijapata kuona mtu mwingine anayepanda vilima na mbuzi ya kukunia nazi mgongoni. Shemeji yangu Chande ndivyo alivyokuwa. Kiti kizima cha mvule, na ulimi wake wa chuma, amekifunga kwa kamba juu ya gunia la makaa, jiko linaning'inia ubavuni, sufuria zinagongana kila akipiga hatua. Ukimsikia anapita hapa kwetu Mkongani asubuhi, ungedhani kuna mtu anahama nyumba.

Mimi ni Hafsa. Chande amemwoa dada yangu Twaiba, kwa hivyo nina ruhusa ya kumsema, na ruhusa hiyo naitumia.

Alikuwa mpishi hotelini Diani kwa miaka mingi. Hoteli ilipopunguza watu akarudi nyumbani, akaanza kuwatembeza wageni kwenye vilima vya nyuma yetu. Wanakwenda kwa miguu, wanalala msituni karibu na maporomoko ya maji, kesho yake wanarudi. Kazi nzuri, na aliipenda. Lakini alikuwa na lake moja: mgeni hali wali usio na tui, na tui halitoki kwenye pakiti. Nazi ikunwe palepale, mgeni akiona kwa macho yake.

"Heshima, shemeji," alikuwa akiniambia. "Nimlishe mgeni vya makopo, kesho akatuseme vipi sisi Wadigo?"

Basi akabeba nazi, akabeba mbuzi, akabeba makaa, akabeba na hema lake mwenyewe la turubai ambalo likilowa mvua hata punda angelikataa.

Sasa, dada yangu alizaliwa papa hapa Mkongani, na maporomoko hayo hakuwahi kuyaona. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kwa sababu ya ndovu. Ukishaolewa ndiyo basi tena, nyumba na watoto. Kila Chande akirudi, Twaiba alimtengea maji ya moto ya kuoga, halafu anamuuliza, "Baba Kheri, leo yalikuwa vipi?"

"Maji ni maji tu, Mama Kheri. Yanaanguka."

Siku moja, mimi nipo pale nachambua mchicha, dada akamwambia waziwazi, "Safari ijayo nichukue na mimi."

Chande akacheka. "Mzigo wenyewe unanimaliza. Nikubebe na wewe?"

"Nina miguu, nitatembea."

"Na pa kulala? Na chakula chako nani atakibeba? Mzigo ukipungua, tutaona."

Aliyasema kama watu wanavyosema ili mazungumzo yaishe, waanze kula. Dada hakununa. Lakini mimi namjua Twaiba. Ukimwambia neno, analichukua kama lilivyo.

Yeye ni fundi cherehani. Kule ufukweni Diani kuna watu wanaofundisha wageni kuteleza juu ya maji huku wakivutwa na tiara inayopeperuka angani, tiara kubwa kuliko paa la kibanda. Ikichanika vibaya hutupwa. Twaiba akawa kila akishuka Ukunda kununua uzi anarudi na vipande vya tiara kikapuni. Kitambaa chenyewe, mashallah! Maji hayapiti, kukichana kwa mkono huwezi, na ukikikunja kinaingia kiganjani. Akashona hema. Akashona na shanta, mikanda yake ameing'oa kwenye mabegi mabovu. Akasuka jamvi jembamba la ukindu la kutandika chini. Akamwendea fundi wa bati, akatengenezewa jiko dogo jepesi la kuchochea kwa vifuu vya nazi, asibebe mtu makaa. Na nazi yenyewe akaikuna nyumbani, akaianika juani mpaka ikawa kavu kabisa, ukiitia maji ya moto unapata tui lako. Anaonja, ananionjesha, anakunja uso, anaanza upya. Mimi nikajua ana mpango wa biashara.

Alimpa Chande vitu hivyo asubuhi ya safari, wageni wameshakaa barazani wakisubiri. Chande akaliinua lile hema kwa vidole viwili.

"Hii nini? Hema au nepi?" Wageni wakacheka, naye akanogewa. "Mama Kheri, upepo ukivuma si tutalifuata Lungalunga hili!"

Akavirudisha vyote. Akajifunga mbuzi yake mgongoni, akaenda zake na kelele zake za sufuria.

Twaiba akalikunja, akaliweka ndani ya shanta, shanta akalitundika msumarini nyuma ya mlango wa chumbani. Tangu siku ile Chande akirudi alitengewa maji ya moto kama kawaida, lakini hakuulizwa tena yalikuwa vipi. Na hakugundua. Wanaume hawa!

Masika yaliyofuata akateleza kwenye mteremko, na mzigo wote ukamwangukia. Mbuzi ya mvule haikupata hata ufa. Goti ndilo lililokwenda. Daktari akamwambia atembee kwa fimbo, tena tambarare, na vilima avisahau.

Akakaa nyumbani, mkali kama pilipili, kila mtu anagombezwa. Ndipo akaja Gillian, binti wa Nairobi anayeongoza kikundi cha wanawake wanaotembea milimani. Alikuwa mteja wake wa siku nyingi.

"Pole sana, mzee," akasema. "Lakini si nilikuambia hiyo mzigo ni noma? Mimi nabeba kidogo tu, hata mgongo haijui."

Nilitega sikio nisikie atakavyojibiwa, lakini Chande hakumgombeza. Alinigeukia mimi, akaniambia, "Shemeji, nyuma ya mlango pana shanta. Mletee mgeni alitazame, pengine litamfaa."

Tukalisimamisha lile hema uani. Likasimama, jamani, limekaa sawasawa kama lilizaliwa pale. Gillian akaingia akajinyoosha.

"Mzee! Hii ni ya watu wawili! Kuna hadi mifuko miwili hapa kwa kichwa."

Chande akainama na fimbo yake kuchungulia. Kweli, mifuko miwili, mmoja kila upande. Mmoja umepambwa kwa kipande cha kanga. Mwingine mpana, wa duara. Akautia mkono, akaugeuza. Halafu akavua kofia yake ya kiua, akaitia mle. Ilienea.

Twaiba alikuwa akianika nguo. Chande akamgeukia. "Mama Kheri, wageni wangu huja kila mtu na hema lake. Hili la watu wawili ulilishona la nini?"

"Sikuwashonea wageni," Twaiba akasema, na akaendelea kuanika.

Gillian alitoka hemani akasimama kando, hajui aangalie wapi.

"Uliniambia mzigo ukipungua tutaona," Twaiba akasema. "Nikaupunguza."

Laiti angelisema kwa hasira! Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Chande alijishusha taratibu mpaka akakaa chini kwenye mchanga, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

"Nilikuwa nikitania, mke wangu."

"Najua. Mimi sikuwa nikitania."

Gillian ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba kikundi chake kinapanda Jumamosi, na mama akitaka, karibu. Twaiba akamtazama mumewe. Chande alitaka kusema goti likipona watakwenda pamoja, niliyaona maneno yale mdomoni mwake. Akayameza, maana sote tulijua goti lile vilima halitapanda tena.

"Nenda, Mama Kheri," akasema.

Akaenda. Shanta mgongoni utadhani anakwenda dukani. Upande wa kofia alilala Gillian.

Kesho yake, tangu adhuhuri, Chande alikuwa barazani ameikalia ile mbuzi, anakuna nazi. Nikamchokoza. "Shemeji, leo unamkunia nani?"

"Mgeni," akasema. Hakucheka. Kisha akasema, "Hafsa, yale maji nimeyaona mpaka nimeyachoka. Ila uso wake alipoyaona mara ya kwanza, huo sitauona. Nilikuwa na nafasi, na nikaijaza makaa."

Mimi na ulimi wangu wote huu, nikachukua ufagio, nikafagia baraza.

Twaiba alirudi alasiri, tope mpaka magotini. Akatua shanta, akakaa kwenye ngazi, akafungua mtandio. Maji ya moto yalikuwa tayari. Chande alikuwa ameyatenga mwenyewe.

"Mama Kheri," akamuuliza, "yalikuwa vipi?"

Ningekuwa mimi ningemjibu maji ni maji tu, aonje na yeye. Dada yangu hakumjibu hivyo. Alitazama miguu yake kwanza.

"Nilipoyaona nilikuita," akasema. "Nikageuka kabisa nikuonyeshe. Nilisahau kwamba hukuwapo."

Chande akainamisha kichwa, akaendelea kukuna. Nazi ilikuwa imekwisha kitambo, ulimi wa chuma unakwaruza kifuu kitupu, na hapakuwa na aliyemwambia aache.