Piano Iliyosikika Kwenye Mvua

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Misiera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda: mama wa kwaya ametutoka. Ninyi wasomaji wangu hamkumjua, na yeye hakuwahi kusoma safu hii. Alisema herufi zake ni ndogo mno. Nimeumia. Alikuwa mkimbizi kutoka Kivu Kusini, mkulima wa maharagwe, na mwalimu wa kwaya asiyejua kubembeleza mtu.

Nilimfahamu mwaka ambao kanisa lao lilichanga mavuno likataka piano. Mimi, mtoto wa kambi ya jeshi niliyejifunza kupiga piano kanisani, niliombwa niwasindikize mjini Mbarara. Piano zilikuwa mbili, na bei hazikupishana sana: mpya dukani, iking'aa kama kiatu cha afande siku ya gwaride, na kuukuu iliyofufuliwa na fundi wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Mzee wa kanisa aliyekuja na mama hakutaka hata kuiona ile kuukuu. "Kila kitu tuko nacho kambini kilikuwa cha mutu mwingine," alisema. "Nguo, hema, mpaka sufuria. Hii moja tununue mupya! Ukileta ya zamani, mama, utaimba peke yako." Nilikuwa upande wake. Kwa mtu anayepewa vilivyotumika miaka nenda miaka rudi, hamu ya kitu kipya si majivuno.

Tukiwa kwa fundi, mvua ikaanza kupiga bati. Mama akaniambia nipige. Sauti ikafika mpaka mlangoni. Basi akatuswaga kurudi dukani mvua ikiwa bado inanyesha, akamwomba mwenye duka aisogeze ile mpya barazani, chini ya bati.

"Mama, hii piano hapana mbuzi! Naweka inje namna gani?"

"Kanisa yetu haina plafond, juu ni bati tu," mama akajibu. "Mvua ikinyesha, tutaimba na nini?"

Ikasogezwa, magurudumu yakilia. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, mvua ikaimeza. Mama alirudi Nyamitanga akalipia ile kuukuu. Mzee alinuna njia nzima, na miaka yote iliyofuata aliiita mtumba, akikaa benchi la nyuma kabisa. Waimbaji kadhaa wakamuunga mkono, wakaacha kwaya. "Nilichagua sauti," mama aliniambia siku moja, "benzangu banaona aibu." Alikuwa analia.

Jumamosi tulimzika. Jeneza likiwa bado kanisani, mvua ilikuja kwa kishindo, hata sala hatukuisikia. Mpiga piano akaanza, na kwaya ikapata pa kushika. Hapo mzee akainuka kutoka benchi lake la nyuma, akaenda polepole hadi kwenye piano, akaondoa kitambaa na kuinua kifuniko cha juu ili isikike zaidi. "Piga nguvu," akasema, machozi yakimtoka. "Ni yetu hii." Wale walioacha kwaya wakasimama pale pale walipokuwa, wakaimba.

Ninyi mnaogawa misaada, nawaambia bila kupindisha: muulizeni mtu mvua ya kwao inapigaje bati, kisha nyamazeni, achague. Mama yule hakuulizwa na yeyote. Alichagua, kwaya ikamvunjikia mikononi, na siku ya kuzikwa akaimbiwa na wote.